Kilichowaleta Kwenye Bodi ya Shule

Watu wengi wanaojitolea kwenye bodi ya shule wana majibu mawili kwa swali moja. Ukiwauliza mbele ya kikao kwa nini wamekuja, watasema wanaipenda elimu, au wanataka kurudisha shukrani kwa jamii iliyowalea. Ukiwauliza baadaye, mnapokusanya makaratasi na watu wameanza kuondoka, unasikia mengine kabisa. Mtoto wangu alikuwa anaonewa. Nimestaafu na sina pa kupeleka akili yangu. Kuna mwalimu aliyenishika mkono nikiwa mdogo. Nataka siku moja niwe kiongozi, na hapa ndipo pa kuanzia. Nimekuwa mjumbe wa kuchaguliwa na wazazi, nikaongoza kamati ya fedha, kisha nikawa mwenyekiti wa bodi, na katika yote niliyojifunza huko, hili ndilo ninalolishikilia zaidi: bodi inapaswa kulijua hilo jibu la pili. Lengo si kumhukumu mtu. Lengo ni kujua atafaa wapi, atachoka lini, na ni mjadala gani ukifika itabidi atoke nje ya chumba.

Kazi yenyewe haionekani kwa anayepita nje ya shule. Bodi haifundishi, haipangi ratiba ya vipindi, haimwiti mtoro ofisini. Hayo ni ya mwalimu mkuu na walimu wake. Bodi inaidhinisha bajeti, inasoma taarifa ya fedha, inauliza kwa nini darasa fulani limeshuka katika kusoma, inapitisha sera ya nidhamu, na mahali pengine inashiriki kumpata mwalimu mkuu mwenyewe. Kule Chicago, sheria ya mwaka 1988 iliunda mabaraza ya shule yenye wazazi 6, wakazi 2, walimu 2 na mwalimu mkuu, ikayapa uwezo wa kumpa mwalimu mkuu mkataba au kumnyima. Mwaka huohuo Uingereza ilipitisha sheria iliyohamishia sehemu kubwa ya bajeti mikononi mwa shule, na watu wa kujitolea wakajikuta wamebeba dhamana ya mishahara na matengenezo ya majengo.

Na mahali pengi kazi hii haina malipo. Afrika Kusini imeandika wazi katika Sheria ya Shule ya mwaka 1996 kwamba mjumbe hapokei ujira kwa kutimiza wajibu wake. Anaweza kurudishiwa gharama za lazima, basi. Kwa hiyo kinachomwinua mtu jioni akiwa amechoka, akaenda kukaa saa mbili au tatu na jedwali la matumizi ya umeme na vitabu, hakiwezi kuwa fedha. Lazima kiwepo kitu kingine, na kwa kila mmoja ni kitu chake.

Sheria hupanga viti. Afrika Kusini inataka wazazi wawazidi kwa mmoja wajumbe wengine wote wenye kura, na mwenyekiti atoke miongoni mwa wazazi ambao hawajaajiriwa na shule. Kenya, katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, inatenga viti 6 kwa wawakilishi wa wazazi, 3 kwa wafadhili wa shule, na inaweka pia mwakilishi wa walimu, wa watu wenye mahitaji maalumu na wa baraza la wanafunzi. New Zealand ilipobadilisha mfumo wake mwaka 1989 iliikabidhi kila shule bodi yenye wazazi waliochaguliwa na wazazi wenzao. Ndani ya kila sheria ya namna hii kuna imani fulani kuhusu nani ana uchungu na shule. Ni imani nzuri, nami naiunga mkono. Lakini inasema mtu akae kiti gani tu. Haisemi amekuja na nini moyoni.

Niseme kwanza kilichonileta mimi. Mwanangu mkubwa alikuwa akibadilishiwa mwalimu wa hesabu mara kwa mara. Kila nikiuliza, jibu lilikuwa la heshima na halikuwa na kitu ndani yake. Nilipoona tangazo la uchaguzi wa wajumbe wazazi nikawaza kwamba humo ndani huenda kuna mtu anayejua. Sikuwa na falsafa yoyote ya elimu. Kazi yangu ilikuwa ya ghala, ya kuhesabu kilichoingia na kilichotoka, na nilichotaka ni kuona daftari. Nikachaguliwa. Baada ya vikao vichache nikaelewa kwamba walimu wale hawakuwa wakifukuzwa wala kukimbia kazi. Walikuwa wakihamishwa na ngazi ya juu, na shule ilikuwa inapata taarifa kwa kuchelewa kama mimi. Swali langu likawa limejibiwa. Ningeweza kuondoka hapo. Lakini nilikuwa nimeshaona mambo mengine ambayo hayakuwa na mtu wa kuyauliza.

Nimekuja kugundua kwamba huu ni mwendo wa wengi. Kinachomwingiza mtu na kinachombakisha mara nyingi ni vitu viwili tofauti. Na anayeingia na jambo moja dogo lenye jina hudumu kuliko anayeingia na maneno mapana. Sijui kama ni hivyo kila mahali, ila kwenye bodi niliyoiona kwa macho yangu, walioacha kuja baada ya vikao vya mwanzo walikuwa wale waliozungumza vizuri zaidi siku ya kujinadi.

Kuna baba mmoja aliyechaguliwa akiwa na hasira. Mtoto wake alikuwa akionewa na wenzake njiani na uani, na aliamini shule imelichukulia jambo hilo kama utani wa watoto. Katika vikao vyake vya kwanza alilirudia lile lile, hata kwenye ajenda ya ukarabati wa vyoo. Wajumbe walianza kupumua kwa nguvu akinyoosha mkono. Mmoja akaniambia kando, "Ndugu mwenyekiti, huyu amekuja kugombana. Mtafutie namna." Nilimwomba anivumilie kidogo, kwa sababu nilichokuwa nakisikia katika hasira ile hakikuwa ugomvi. Baba yule alikuwa anauliza jambo ambalo sisi wengine tulilipita kila mara: matukio haya yanaandikwa wapi?

Tulipomwomba mwalimu mkuu atuonyeshe, tukakuta kila mwalimu ana namna yake. Mmoja anaandika kwenye daftari la zamu, mwingine anamwambia mwalimu wa darasa kwa mdomo, mwingine anayamaliza palepale na kusahau. Hakuna aliyekuwa mzembe. Ila hakuna aliyeweza kusema kama uonevu umeongezeka au umepungua, wala kama ni watoto walewale. Baba yule alipendekeza fomu moja fupi, ya ukurasa mmoja, na taarifa ya kila muhula kwa bodi bila majina ya watoto. Walimu waliipinga mwanzoni kwa kuwa ni kazi juu ya kazi, na walikuwa na haki ya kulalamika. Ikabidi tuondoe fomu nyingine mbili zilizokuwa zinauliza mambo yasiyosomwa na mtu. Mtoto wake alishahitimu. Yeye alibaki, akawa ndiye mjumbe anayesoma kwa makini kuliko wote taarifa za ustawi wa wanafunzi, na hasira yake ikawa uangalifu. Nasimulia hili kwa urefu kwa sababu nimesikia viongozi wa bodi wakisema hawataki wazazi wenye malalamiko. Mimi ninawataka. Mtu aliyeumizwa na shule na bado akachagua kuingia ndani yake kusaidia ana kitu ambacho mafunzo hayawezi kumpa mtu. Kinachotakiwa ni kumsaidia avuke kutoka kwa mtoto wake hadi watoto wote, na hilo huchukua muda na subira ya wenzake.

Wapo wanaokuja na ujuzi. Tulikuwa na mhasibu mstaafu, mzee mtulivu, ambaye aliniambia bila kuzunguka kwamba amekuja kwa sababu siku zimekuwa ndefu nyumbani. Ni sababu ya heshima kabisa. Alizipanga taarifa za fedha hadi mtu asiye na hesabu akazielewa, na akatufundisha kulinganisha kilichopangwa na kilichotumika kila baada ya miezi mitatu badala ya kusubiri mwisho wa mwaka. Lakini ujuzi wake ulileta jambo tusilolitazamia: wajumbe wengine waliacha kuuliza kuhusu fedha. Ajenda ya bajeti ikifika, macho yote yanamgeukia mzee, mzee anasema iko sawa, tunapitisha. Aliyeliona tatizo hilo ni yeye mwenyewe. Kikao kimoja akafunga kabrasha lake akasema, "Leo sitasema kitu mpaka kila mmoja aulize swali moja. Nikiugua kesho, nani atasoma hizi namba?" Ukimya ukawa mrefu, kisha maswali yakaanza kutoka, mengine mepesi, mengine yakamfanya hata yeye arudi kwenye karatasi zake.

Mvutano kati ya ujuzi na uwakilishi si wa bodi yetu peke yake. Uingereza, kwa kanuni za mwaka 2012, ilizipa bodi nyingi nafasi ya kuongeza wajumbe wanaoteuliwa kwa ujuzi unaohitajika, huku wazazi wakihakikishiwa angalau viti viwili. Afrika Kusini, kama nilivyosema, inasisitiza wingi wa wazazi. Nimewasikia watu wenye busara wakitetea kila upande. Mimi naona bodi iliyojaa wataalamu hukosa jambo moja ambalo ni vigumu kulinunua, yaani mtu anayejua jinsi uamuzi unavyofika nyumbani.

Hapo namkumbuka mama mmoja ambaye sitamtaja jina. Aliacha shule akiwa msichana mdogo. Mwalimu wa mwanawe alimshawishi agombee, na akashinda kwa kuwa wazazi wengi walimfahamu kutoka kazini kwake, ambako alikuwa akisafisha ofisi alfajiri. Kwa muda mrefu hakusema kitu. Alikuja mapema kuliko wote, akakaa, akasikiliza, akaondoka. Nilidhani kimya kile ni woga, na nilipomwendea kumtia moyo akanijibu kwa upole, "Mwenyekiti, siogopi. Bado natazama." Baadaye aliniambia kilichomleta. Alitaka kukaa ndani ya shule kama mtu mwenye haki ya kukaa hapo. Alipokuwa mtoto aliondoka kwa aibu, na hakuwahi kupita kwenye lango la shule yoyote bila kujisikia mgeni. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yake, na sijawahi kusikia sababu nzito kuliko hiyo.

Siku aliyozungumza, tulikuwa tunajadili kwa nini wazazi hawahudhurii mikutano. Tulishajaribu barua, tukajaribu matangazo, na lawama zilikuwa zimeanza kuwaelekea wazazi wenyewe: hawajali, wanaiachia shule kila kitu. Yeye akaomba barua mojawapo isomwe kwa sauti. Ikasomwa. Ilikuwa na maneno ya kiofisi, vifungu vya kanuni, na onyo kwa atakayekosa. Akasema, "Mtu aliyeshindwa shule akipokea hii anajua anaitwa kugombezwa. Hatakuja. Hata mimi nisingekuja." Tangu siku hiyo barua zinazokwenda kwa wazazi huandikwa fupi, kwa lugha ya kawaida, zikieleza ni jambo gani litajadiliwa na litachukua muda gani. Waliokuja wakaongezeka. Na hakuna mtaalamu yeyote mezani pale ambaye angeweza kutuambia lile, kwa kuwa sote tulikuwa watu ambao shule ilitufaa.

Kuna kundi ambalo watu hulisemea kwa kunong'ona, nami napenda lisemwe wazi: wanaokuja kutafuta kitu chao. Mfanyabiashara aliyejiunga akitumaini kuuza samani. Kijana msomi wa sheria aliyetaka kuandika kwenye wasifu wake kwamba amehudumu katika uongozi. Mtu mwenye ndoto ya siasa. Siwaweki kapu moja.

Kijana yule wa sheria alinieleza nia yake siku ya kwanza na nikamshukuru kwa ukweli. Alihudumu kipindi kimoja, akapitia mikataba yote ya shule, akatuonyesha ule wa usafi uliokuwa unajihuisha wenyewe kila mwaka bila bodi kuuona, kisha akaondoka alikokuwa anakwenda. Shule ilipata, na yeye alipata. Kutamani kukua si dhambi, na vijana wengi hawana mahali pengine pa kujifunza jinsi uamuzi wa pamoja unavyofanyika. Ninachoomba kwa mtu wa namna hii ni tarehe: aniambie ataondoka lini, ili tumwandae mwingine.

Mfanyabiashara ni jambo jingine, na hapo hatutegemei moyo wa mtu. Tunategemea utaratibu. Sheria ya Afrika Kusini inamtaka mjumbe mwenye maslahi binafsi katika jambo lolote atoke kikaoni wakati linajadiliwa na kuamuliwa. Sisi tuna rejista ya maslahi inayosasishwa kila mwaka, na mwanzoni mwa kila kikao mwenyekiti huuliza kama kuna aliyeguswa na ajenda yoyote. Yule bwana wa samani alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono madawati yalipotajwa. Alitoka, akasubiri nje, zabuni ikaenda kwa mwingine aliyekuwa na bei nafuu zaidi. Alirudi akakaa kwenye kiti chake na ajenda iliyofuata akaichangia vizuri sana. Nimeona jinsi utaratibu kama huu unavyomlinda mtu mwenyewe. Bila huo, hata kama angekuwa malaika, kila kauli yake ingetiliwa shaka, na bodi ingempoteza mtu anayejua bei na ubora wa mbao kuliko sisi sote.

Mwakilishi wa walimu hukaa pagumu kuliko wote, na sidhani watu wanalifikiria vya kutosha. Anaingia kikao kimoja na mwalimu mkuu ambaye kesho yake ndiye msimamizi wake. Wengine hukubali kwa sababu wenzao wamewasukuma. Wachache huja kwa sababu wanataka maamuzi yafanywe na watu waliowahi kusimama mbele ya darasa. Nilijifunza kutomuuliza mwalimu huyo swali la papo kwa papo linalomlazimisha kumpinga mkuu wake hadharani. Naye mwanafunzi, pale sheria inapomruhusu kukaa, huja mara nyingi na jambo la vyoo, maji au muda wa mapumziko. Watu wazima hutabasamu. Mimi naona ni mambo ya maana, maana ndiyo yanayogusa siku nzima ya mtoto.

Ningependa kueleza kikao kimoja ambapo niliona kwa nini mchanganyiko huu wa watu una thamani. Fedha zilikuwa haba, na mapendekezo yalikuwa mawili: kukarabati paa la jengo la zamani au kuendeleza darasa la ziada la watoto waliobaki nyuma katika kusoma. Mhasibu alieleza kwamba paa likiachwa, gharama itapanda mwaka hadi mwaka. Hakuna aliyeweza kumpinga. Mama yule wa usafi akasema watoto wa darasa la ziada hawana mwaka mwingine wa kusubiri. Akitoka shuleni bila kusoma, ameshatoka. Hakuna aliyeweza kumpinga yeye pia. Chumba kikawa kizito. Watu waliopendana wakaanza kusemeshana kwa ukali, na nikaona kila mmoja anatetea si hoja tu bali maisha yake. Mzee aliyetumia miaka yote kuzuia hasara aliona hasara. Mama aliyeondoka shule mapema aliona mtoto anayeondoka mapema.

Sikupiga kura ya haraka. Niliwaomba waeleze kile wanachokihofia, na wasirudie wanachokitaka. Hapo ndipo mjumbe mwingine, fundi wa majengo aliyekuwa amejiunga kwa sababu mjukuu wake anasoma pale, akaomba ruhusa ya kupanda juu kuangalia paa lenyewe kabla ya kikao kingine. Akapanda. Akarudi na taarifa kwamba upande mmoja tu ndio umeoza, mwingine unaweza kuhimili kwa kuzibwa na kuangaliwa. Tukatengeneza upande ule, na darasa la ziada likaendelea kwa siku chache zaidi ya nusu ya zile za mwanzo. Haikuwa ushindi kamili kwa yeyote. Watoto kadhaa walipata vipindi vichache kuliko walivyohitaji, na hilo bado linaniuma. Lakini bodi ya wahasibu watupu ingefunga darasa, na bodi ya wazazi watupu pengine ingeacha paa lianguke. Na bila yule babu aliyekuja kwa ajili ya mjukuu, tusingejua kwamba paa lina pande mbili zenye hali tofauti.

Sasa nizungumzie wasiokuja, kwa sababu nadhani ndipo kazi kubwa iliyobaki. Kwa muda mrefu tulikutana saa nane mchana siku za kazi. Tulisema uchaguzi uko wazi kwa wote, na ulikuwa wazi. Ila saa ile ilikuwa imeshachagua. Ilichagua wastaafu, wenye biashara zao, na wanaoweza kuomba ruhusa bila kukatwa mshahara. Ilimwacha dereva, muuguzi wa zamu, mzazi anayelea peke yake, mtu wa kibarua. Tulipohamishia vikao jioni na kuruhusu mtu kushiriki kwa simu, wagombea wakabadilika sura. Tuliongeza pia mahali pa watoto kukaa na kusoma wakati wazazi wao wako kikaoni. Hakuna aliyehitaji hotuba ya kuhamasishwa. Walihitaji saa inayowezekana.

Hata hivyo, kufungua mlango hakutoshi kumbakisha mtu. Chicago ilishuhudia msisimko mkubwa katika uchaguzi wa kwanza wa mabaraza yake mwaka 1989, kisha idadi ya wagombea na wapiga kura ikashuka katika chaguzi zilizofuata. Nikiangalia tuliowapoteza sisi, sababu zilikuwa za kawaida sana. Makabrasha yanafika usiku wa kuamkia kikao. Lugha ya taarifa haieleweki. Mjumbe mpya anauliza swali na kuambiwa hilo lilishajadiliwa kabla hajaja. Vikao vinavuka muda. Mtu aliyejitolea anavumilia ugumu wa kazi, lakini kudharauliwa muda wake havumilii. Kwa hiyo tukaweka kanuni kwamba nyaraka zitumwe wiki moja kabla, kikao kisizidi saa mbili, na kila mjumbe mpya apewe mwenzake wa zamani wa kumuuliza mambo nje ya kikao bila kuona aibu.

Na lile swali. Siulizi tena mbele ya watu. Baada ya uchaguzi hukaa na kila mjumbe peke yake, nikamuuliza kilichomleta, nini kingemfanya aondoke, na ni jambo gani shuleni analitazama kwa jicho la karibu kuliko wengine. Siandiki majibu mahali popote. Yananisaidia kujua nani apelekwe kamati ya fedha, nani ya ustawi, nani apumzishwe ajenda fulani ikiwa jeraha lake bado bichi. Wapo wanaonijibu kwa maneno yale mapana hata tukiwa wawili, nami siwalazimishi. Hulirudia swali mwaka unaofuata. Wengi wanakuwa na jibu jipya, na mara nyingi jibu jipya lina jina la mtoto ambaye si wao.

Uchaguzi ujao viti viwili vya wazazi vitakuwa wazi, na mimi mwenyewe nitakuwa namaliza muda wangu wa uenyekiti. Wiki hii nimezungumza na baba mmoja anayefanya kazi za usiku. Anasema hajui lolote kuhusu bodi, hajawahi kusoma bajeti ya mtu yeyote, ila angependa kujua kwa nini maktaba ya shule hufungwa mapema wakati watoto bado wako uani. Nimempa fomu, na nimemwambia vikao viko jioni.